Mwalimu Mueni Akataa Kusinzia

Mwalimu Mueni alisinzia darasani saa nne asubuhi. Anafundisha watoto tisa wa kitengo maalumu, wenye ulemavu. Mmoja wao, Swafwan, ambaye hasemi, akatoka. Alipatikana gatini karibu na shule, miguu inaning'inia majini.

"Likitokea tena, darasa nalifunga," alisema Bwana Jabez, mwalimu mkuu.

Hasira zilimpanda Mueni. Miezi mitano hapati usingizi! Alikuwa amejiunga na matibabu ya usingizi kwa simu, ya wiki sita, yenye mshauri na shajara ya kuandika kila siku saa alizolala. Akayaona upuuzi mtupu.

Jioni hiyo jirani yake wa mtaa wa Wiyoni, Bi Ummu, muuguzi, alimkuta kitandani katikati ya mafaili.

"Hebu nione hiyo shajara yako ya usingizi."

Mueni akampa simu.

"Ajabu! Siku saba, saa zile zile? Umeijaza lini?"

"Ijumaa, zote kwa pamoja. Kama tunavyojaza rejista mkaguzi akija."

Bi Ummu akacheka hadi mtandio ukamponyoka.

"Wallahi, mwalimu! Hapa mkaguzi ni nani? Mshauri wako atakusaidiaje kwa uongo? Jaza kila asubuhi. Amka saa ile ile, hata ukilala vibaya. Mtana usilale. Na kitanda ni cha kulala, si ofisi!"

"Nifanye kazi saa ngapi? Msaidizi aliondoka. Nalisha, nabadilisha nepi, nafundisha. Barua za shule pia mimi!"

"Basi hayo nayo yanakunyima usingizi. Kamwambie mkuu wako."

Asubuhi Mueni hakubembeleza. Aliweka mafaili ya barua mezani kwa Bwana Jabez.

"Mimi ni mwalimu. Si yaya, si karani. Tafuta msaidizi, au njoo uwalishe mwenyewe."

"Unanitisha?"

"Nakuambia. Ukitaka kuniandikia onyo, andika. Kalamu hiyo hapo."

Bwana Jabez hakuandika. Siku mbili aliwalisha watoto mwenyewe, akatemewa uji shati zima. Siku ya tatu msaidizi akapatikana, binti anayeitwa Amal.

Mueni naye akajaza shajara kwa ukweli. Siku ya kwanza aliandika: nimelala kwa saa mbili tu. Aliona aibu, lakini hakufuta. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, alitamani kuacha. Hakuacha. Mshauri akampangia saa za kulala, akazifuata. Wiki ya tano akaandika: nimelala kwa saa sita na nusu.

Darasa halikufungwa. Lifungwe vipi, na mwalimu wake yu macho?