Anakula Mboga Tu

"Nirudishie jogoo wangu, Mama Naima."

"Jogoo wako yuko kwenye sufuria, Mama Kurwa. Njoo umwite. Akiwika, mchukue."

Naima alikuwa anatoka bombani, ndoo kichwani, aliposikia maneno hayo kwenye uzio wa matete. Akapunguza mwendo. Mama yake na Mama Kurwa ni majirani wa kuombana chumvi asubuhi na kusutana jioni, hilo Kitangari nzima inalijua. Lakini leo sauti zimepanda mpaka wenye baiskeli wanafunga breki wasikilize. Na leo ni siku ya posa, jamani, mgeni yuko njiani.

Kisa ni huyo jogoo. Mama Naima alikuwa na kuku majike tu, na mkwe anayekuja kujitambulisha hachinjiwi jike. Mama Kurwa akamtoa jogoo wake mwekundu kwa moyo mweupe, akasema harusi ya Naima ni ya mtaa mzima. Sasa kasikia habari, moyo umegeuka.

"Nilimtoa kwa ajili ya mkwe," alisema, kanga kaikaza kiunoni. "Sikumtoa kwa ajili ya mlafi. Mwanaume anatanguliza ujumbe kwamba yeye anakula mboga tu, ugali hana habari nao. Huyo si mkwe, huyo ni fisi mwenye simu."

"Na akila mboga tupu, wewe inakuuma nini? Anakula kwako?"

"Itakuuma wewe, siku utakayokwenda kumtembelea mwanao ukamkuta kabaki na mwiko mkononi."

Ndoo ikayumba, maji yakamteremka Naima mgongoni. Akaitua, akauliza ujumbe gani huo. Mama yake akamkabidhi simu yake ndogo ya vitufe. Alikuwa amemuuliza kijana anapenda apikiwe nini, basi, kwa wema tu, na jibu lilipokuja akamwonyesha Mama Kurwa.

"Shikamoo mama. Msihangaike sana na mimi. Mimi nakula mboga tu."

Naima akaelewa papo hapo. Ashiru, mchumba wake, ni wa Masasi mjini, mtu wa migahawani. Huko ukisema mboga, umesema majani. Kitangari mboga ni chochote kinachoshushia ugali: kuku mboga, samaki mboga, mbuzi mboga. Mtu anayekula mboga tu ni yule anayekomba bakuli la nyama na kuwaachia wenzake ugali mkavu. Na Mama Naima, kwa kutotaka aibu, alikuwa ameongeza mguu wa mbuzi na samaki wa kukaanga juu ya jogoo. Kama anakula mboga tupu, alisema, leo atakula mpaka aombe msamaha.

Kumbe Ashiru nyama haonji. Wala samaki, wala yai, wala maziwa. Naima alilijua hilo tangu siku ya kwanza walipokutana, basi la Newala lilipoharibika mlimani. Abiria wote waliwakimbilia wauza mayai ya kuchemsha, yeye akafungua kapu lake, akatoa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, na kashata za korosho alizopika mwenyewe kwa mikono yake. Akamkaribisha. Naima akamuuliza kwa nini hali mayai.

"Sili kitu kilichowahi kuniangalia."

"Yai lina macho?"

"Yai lina mama yake."

Naima alicheka mpaka akapaliwa na kashata, na mapenzi yakaanzia hapo. Ashiru ni fundi wa sola, anazunguka vijiji vyote. Naima ni fundi cherehani, akifuata vitambaa Masasi wanaunganisha safari. Kila walikopita walikula cha hapo: Mnyambe njugu mawe, Ndanda ndizi za kuchoma, Newala mabibo yaliyokaushwa, yanayoitwa kochoko, wakiyatafuna huku wamekaa ukingoni wanaangalia bonde. Naima hakuwahi kusafiri kwa raha namna ile.

Ila kwao hakusema. Mama yake ana neno lake: mkwe asiyekula firigisi yangu hajamchukua binti yangu. Firigisi ni ya mwanaume wa heshima, na mume wa dada yake Sophia aliila, ndipo akapewa mke. Naima akaona alinyamazie jambo, litajipa lenyewe. Kwa mama akasema Ashiru anakula kila kitu. Kwa Ashiru akasema mama anajua kila kitu.

Sasa akakimbilia chooni na simu yake, mahali pekee pale nyumbani pasipo na masikio, akaandika.

"Ashiru umemwambia nini mama?"

"Ukweli. Si ulisema anajua?"

Akaandika, akafuta, akaandika tena. "Hajui. Niliogopa."

Kisha:

"Safari zote hizo tunakula pamoja, kumbe kwenu umenificha kama upele."

"Uko wapi?"

"Stendi Newala. Sijui nipande boda nije huko au gari nirudi Masasi."

Alipopiga, simu ilikuwa imezimwa.

Basi Naima alitandika mikeka kama anayetandikia matanga. Baba Mdogo Mudathiri, aliyesimama badala ya marehemu baba yake, alishafika na kofia yake ya harusi. Boda ilipolia barabarani, Naima hakuthubutu kuinua macho. Alikuwa Ashiru, kanzu ina vumbi, kapu mkononi. Akatoa shikamoo kwa wakubwa wote, wakaitikia marahaba. Kwa Naima hakutupa jicho hata mara moja.

Kawa likafunuliwa. Baba Mdogo akachukua firigisi, akaiweka kwenye sahani ya mgeni, akamhakikishia kuku amechinjwa kwa bismillahi. Kwenye uzio, matete yakatikisika. Mama Kurwa alikuwa kazini.

Moyoni Naima aliomba aimeze tu, yaishe. Hapo hapo akaona haya kwa ombi lake.

"Mama," Ashiru alisema, kichwa kainamisha, "nikiimeza hii leo, utafurahi. Kesho utanipikia nyingine, nitaimeza tena, nitakuwa mkwe wako wa uongo mpaka tuzikane. Sili kuku. Sili nyama wala samaki. Niliandika mboga, nikimaanisha majani na mbaazi."

Upawa ukamponyoka Mama Naima. Baba Mdogo akauliza kama ni madaktari wamemkataza, kama ni mwiko wa mganga, au kama kuku ametiliwa shaka. Yote Ashiru akayakana kwa upole.

"Kwa hiyo unaikataa firigisi yangu," mama alisema taratibu. "Na binti je?"

"Binti nimekuja kumwomba, mama. Firigisi sikuiomba. Nisamehe."

Naima akapiga magoti. "Kosa ni langu. Yeye nilimwambia unajua, wewe nikakwambia anakula kila kitu. Na mimi mwenyewe, mama, niliacha zamani. Nyama yako yote unayonipakulia anakula paka wa Mama Kurwa."

"Ndiyo maana hakamati panya," uzio ukasema.

Hakuna aliyecheka. Mama Naima alimtazama mwanaye kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akainuka, akaingia jikoni. Baba Mdogo akakohoa na kuvaa viatu. Ashiru naye akainuka. Naima akamnong'oneza kwamba amemharibia, aende tu.

"Leo hukunificha," alimjibu.

Mama akarudi na sufuria jeusi la masizi, akaliweka chini.

"Mbaazi hizi nilijipikia mimi. Nazi na chumvi, hakuna kingine. Kwetu kumpa mkwe mbaazi siku ya posa ni kumtukana. Sasa nikutukane?"

"Nitukane, mama."

Akakaa, akakata tonge la ugali kubwa kama ngumi, akachovya. Akakata la pili, la tatu. Mama akamsogezea na ugali uliobaki, akafungua kapu la mgeni, akavunja kashata, akaitafuna huku akimwangalia.

"Kumbe ugali anakula," uzio ukasema tena, kwa mshangao wa kweli.

Mama Naima akaichukua firigisi, akaiweka kwenye sahani safi pamoja na paja na mchuzi. Baba Mdogo akauliza inakwenda wapi, maana firigisi hailiwi na mwanamke tangu enzi za mababu. Mama Kurwa amefuga majogoo maisha yake yote, ladha ya firigisi anaisikia tu kwa wanaume.

"Jogoo ni wake," Mama Naima alisema, akaugeukia uzio. "Mama Kurwa, acha kuyachosha hayo matete. Zunguka upite mlangoni, unawe mikono. Mkwe wetu kakuachia firigisi, karibu tule."