Kadi ya Ochom

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Apeduno alimfunga baba yake vifungo vya shati. Egwang, baba yake, alisimama akitazama paa, kama mtoto anayenyolewa nywele asizotaka kunyolewa. Mashine ya kuchambua pamba ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia katika kiwanda kimoja hapo Malaba. Sasa hata jembe hakuweza kulishika.

Siku moja ya mwaka 1974, Apeduno aliomba ruhusa shuleni. Baba hakujua kusoma, na walikuwa wakienda Busia kwa Afisa wa Kazi kudai fidia.

Shida ilikuwa kadi. Miaka miwili nyuma, Ochom, binamu wa Egwang, aliacha kazi kiwandani akarudi kulima Chakol. Badala ya kuirudisha kadi yake ya kazi, alimwachia Egwang. Wengi walirithishana kadi hivyo, na mnyapara alijua, ila alinyamaza mradi pamba isilale. Kwenye vitabu vya kiwanda aliyefanya kazi ni Ochom, ingawa Ochom mwenyewe alikuwa Chakol akipalilia mihogo, vidole vyake kumi vikiwa salama. Kwa hiyo Egwang alipoomba fidia, meneja alimjibu kwa mkato, "Hatuna mtu anaitwa Egwang."

"Kwa fomu utaandika Ochom," baba alimwambia binti yake walipofika mlangoni pa ofisi. "Umesikia, mama?"

"Lakini baba, kadi ya hospitali inasema Egwang."

"Nikitaja jina langu watasema niliiba kazi. Unataka nikose fidia, halafu nifungwe pia?"

Apeduno akamfuata ndani. Hakuwa amezoea kubishana na baba.

Ndani, Bwana Wesonga, yule afisa, aliwapa fomu na kalamu. Apeduno aliinama juu ya mstari wa kwanza.

"Andika," baba alinong'ona.

Apeduno aliweka kalamu chini. "Siandiki, baba. Mkono uliokatwa ni wako. Tukiandika Ochom, tutakuwa tumedanganya, na fidia yenyewe itakuwa ya Ochom."

Egwang alimkazia macho kwa hasira. Kisha akautazama mkono wake, akashusha pumzi.

"Bwana afisa," alisema, "mimi si Ochom. Mimi ni Egwang." Akaeleza yote.

Bwana Wesonga alivua miwani. "Ungeandika Ochom, ningelinganisha na kadi ya hospitali, na dai lako lingefia hapa mezani. Kutumia kadi ya mtu ni kosa, mzee, na nitaliandika. Lakini fidia ni ya yule aliyeumia kazini. Nani alikuweka kwenye mashine ile?"

"Mnyapara."

"Nani aliona?"

"Nabwire. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja. Ndiye aliyezima mashine."

Juma lililofuata afisa alikwenda kiwandani. Nabwire alisema alichokiona bila kumung'unya maneno, na mnyapara, alipobanwa, akakiri. Meneja alitishia kwenda mahakamani. Egwang hakurudi nyuma. Alifunga safari ya Busia mara nne, Apeduno akimsomea kila barua. Daktari aliupima ule ulemavu, na mwishowe kiwanda kikalipa.

Siku aliyolipwa, Egwang alikwenda kwenye lango la kiwanda wafanyakazi walipokuwa wakitoka. Apeduno alisimama kando yake, amejaa fahari.

"Ndugu zangu," Egwang alisema, akiinua mkono wake ili wote wauone, "mwenye kadi ya mtu, kesho airudishe aandikishwe kwa jina lake. Ukiumia, ripoti siku hiyo hiyo, na useme ukweli. Mashine ilinikata vidole. Jina langu, nililikata mimi mwenyewe, na ni huyu mtoto aliyenirudishia."