Mgonjwa wa Siku ya Ukaguzi

Watu wa Bofu, tusikilizane. Haya yalitokea jirani na kwangu, na wengi wenu mlicheka nikiwaona.

Nyumba ya Ngala ilikuwa na raha yake. Jioni mkewe Selpher alikaanga mihogo barazani, Ngala mwenyewe akishona viatu na kuwatania wapita njia, na binti yao Kache akisoma vitabu vya utabibu. Mtaa ulishamwita daktari hata kabla hajahitimu.

Kisha chuo cha Kache kikaambiwa wakaguzi wanakuja. Bila ithibati, yaani cheti chao kwamba chuo kinafaa, wanafunzi hawangefanya mtihani wa leseni. Na chuo chenyewe kilikuwa vyumba vichache juu ya duka la saruji, hakina wodi ya mafunzo wala hospitali ya kuwapeleka wanafunzi. Mkuu wake, Bwana Gedion, akaazima vitanda, kisha akatafuta watu wa kuvilalia.

"Baba, usipokuja, miaka yangu yote imepotea," Kache alimwambia Ngala.

"Maradhi hayafanyiwi mchezo, baba Kache," Selpher alionya.

Ngala akaenda. Alijifunika shuka, na mkaguzi alipomuuliza anaumwa na nini, akajibu, "Tumbo, bwana." Kache alipombonyeza, akalia kwa nguvu. Ithibati ikatoka. Ngala akawa anatuigizia kilio kile pale barazani kwake, nanyi mkashika mbavu.

Kache alifaulu mtihani, maana vitabu alivisoma kweli, akaajiriwa zahanati ya karibu. Lakini tangu aanze chuo, mgonjwa pekee aliyemgusa mbele ya mwalimu alikuwa babake, mzima wa afya.

Msimu huu wa mvua, tumbo la Ngala likauma kweli. Lilianzia kitovuni, likahamia kulia. Selpher alitaka wavuke feri waende hospitali kuu.

"Nina daktari ndani ya nyumba," Ngala alisema. "Nivuke maji kumtafuta nani?"

Kache akambonyeza palepale alipombonyeza siku ile, akampa dawa ya vidonda vya tumbo. Kesho yake maumivu yakapungua ghafla, nyumba ikashukuru Mungu. Msomaji, usishukuru nao. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na usaha ulikuwa unasambaa tumboni.

Alipozidiwa tena wakamvusha, tumbo likiwa gumu kama ubao. Alifia chumba cha upasuaji. Daktari alimuuliza Kache kwa upole kama babake hakulia alipombonyeza.

"Alilia," Kache alisema. "Alilia vilevile kama siku ya ukaguzi. Sikuona tofauti."

Nimewahi kusikia maneno mazito, lakini haya yameniondolea usingizi. Kache ameacha kazi. Akipita mtu akamwita daktari, huinuka akaingia ndani. Selpher hakaangi tena mihogo. Na chuo kile, ndugu zangu, bado kinasajili wanafunzi.

FUNZO

Ithibati si karatasi ya kupamba ukuta. Ni ahadi kwamba atakayekugusa amefunzwa kwa wagonjwa wa kweli, chini ya jicho la mwalimu. Hata wakaguzi wa kesho wakija bila kutangaza, hawatatufaa kitu iwapo sisi wenyewe tutawaficha waongo. Mwanao akikuomba umsaidie kudanganya, kataa, hata kama itabidi aanze upya chuo kingine. Masomo hurudiwa. Baba harudi.