Kiraka Chini ya Rangi

Kila alipotoka shule, Masikio alipitia uani kwanza kabla ya kuingia ndani. Alitundika mkoba kwenye msumari wa ukutani, akabadilisha sare, akavaa shati kuukuu la kaka yake lenye mikono mirefu, kisha akajifunga barakoa ili vumbi la faiba lisimwingie kifuani. Ndipo aliposhika msasa. Boti ilikuwa inamsubiri.

Boti hiyo kuukuu ya faiba ilijaza ua mzima, kutoka tangi la maji mpaka ukuta wa jirani. Ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya magogo, tumbo lake likiwa limejaa nyufa na mabaka kama mgonjwa wa surua. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imeondolewa ili kuipisha, na jambo hilo bibi hakulisamehe. Boti aliiita Mgeni.

"Mgeni gani huyu asiyeaga?" alinung'unika akitandaza mashuka juu yake. "Wala vyombo haoshi."

Baba alikuwa mvuvi asiye na chombo chake, mpaka alipoipata boti hii mbovu. Kwa miaka mingi alivua kwenye boti za watu, akikaa karibu na injini, mpaka ngurumo zikamla masikio. Maneno aliyapata kwa kutazama midomo ya anayesema. Sauti ndogo zilikuwa zimemtoroka kabisa. Kumbe kiraka cha faiba hupimwa kwa sauti. Kikishika vizuri, ukikigonga hulia ti, kavu na ya juu. Kama hakikushika na kuna maji au hewa ndani, hulia du, nzito, kama debe lililojaa mchanga. Kazi ya kugonga akaachiwa binti yake wa darasa la sita, na ndivyo alivyopata jina la Masikio. Alikuwa akigonga kwa mpini wa bisibisi, anamgeukia baba na kusema "kimeshika" au "hakijashika". Baba hakuwahi kuuliza mara mbili.

Jumamosi moja baba na kaka walikwenda kwa fundi wa injini. Kabla ya kuondoka, baba alimwonyesha Masikio ufa wa mwisho, nyuma kabisa, chini ya mahali ambapo injini ingefungwa.

"Huu nakuachia wewe," alisema. "Umeniona nikifanya mara nyingi. Lakini asubuhi kumenyesha. Paache papigwe na jua mpaka alasiri. Pakauke mpaka ndani ya nyuzi za faiba, siyo juu tu."

"Sawa, baba."

Jua halijafika hata utosini, rafiki zake wawili walichungulia mlangoni wakiwa na mpira wa pete.

"Masikio, umeolewa na hiyo boti?" mmoja alimtania. "Timu nzima inakungoja. Ukichelewa, nafasi yako anapewa yule Mguu wa Kushoto."

"Ngojeni kidogo."

Alipangusa ule ufa kwa kitambaa. Akapapasa kwa kiganja, pakaonekana pakavu. Alipobonyeza kwa kidole gumba akahisi ubaridi, lakini akajiambia ni kivuli cha ukuta. Alichanganya gundi ya faiba na dawa ya kugandisha kwa kipimo sahihi, akapaka, akalaza vipande vya kitambaa cha faiba ambavyo mama alivikata kwa mkasi wake wa zamani wa cherehani, akakandamiza kwa rola mpaka mapovu yakaisha. Kikatoka kiraka kizuri kuliko vyote. Akanawa mikono, akakimbia uwanjani.

Jioni baba alikipapasa, akamwita mama aje aone. "Tazama kazi ya fundi hii," alisema, na Masikio akavimba kichwa.

Siku ya kupaka rangi ilipofika, baba alimwambia agonge viraka vyote kwa mara ya mwisho. Alianza mbele. Ti. Ti. Ti. Alipofika nyuma, kwenye kiraka chake mwenyewe, akagonga.

Du.

Akagonga tena, taratibu. Du.

Baba alikuwa amesimama na kopo la rangi, anatazama midomo yake.

"Kimeshika," Masikio alisema.

Rangi ya bluu ikafunika kila kitu. Boti ikang'aa kama mpya, majirani wakaanza kupita uani kuitazama, na kadiri walivyoisifu, ndivyo Masikio alivyozidi kukosa pa kuanzia. Kila siku alijiambia atasema kesho.

Usiku wa kuamkia siku ya kuishusha majini, kaka aliongea mezani bila kupumua. "Tutapita maboya, tuingie kwenye maji marefu kabisa. Huko ndiko kuna samaki wenyewe."

"Wewe?" bibi alimkata. "Kuogelea kwako kote ni kwenye beseni."

Wote wakacheka. Masikio alilirudisha tonge sahanini.

Asubuhi wanaume wa mtaani walikuja kusaidia. Fundi wa kuchomelea vyuma alileta mkokoteni wake. Waliipindua boti, wakaipandisha, wakafunga injini nyuma. Ilikuwa injini nzito, na ilipokaa mahali pake Masikio alijua uzito wote umelalia pale. Ikiwashwa, ingetetemeka palepale.

"Baba," aliita. Baba alikuwa amempa mgongo, hakusikia. "Baba." Mkokoteni ukaanza kuondoka, kelele zikazidi, watoto wakakimbia mbele. Alifuata nyuma mpaka ukingoni mwa maji. Kaka akatupa nyavu ndani, akaruka akakaa. Wanaume wakashika ubavu tayari kusukuma.

Masikio alipenya katikati yao, akamshika baba mkono wa shati na kumvuta mpaka wakatazamana.

"Usiishushe," alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana, lakini midomo ilionekana. "Kiraka cha nyuma kinalia du."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya rangi. Nilikibandika hapajakauka, nikawahi mpira. Halafu nikakudanganya."

Fundi wa kuchomelea alijifuta jasho. "Ah, mtoto kaingiwa na woga tu huyo. Sukumeni, maji yanapungua."

"Masikio, unatutia aibu mbele ya mtaa mzima," kaka alisema kwa hasira.

Baba aliinua mkono, wote wakanyamaza. Akatoa kisu, akapiga magoti, akaingiza ncha pembeni mwa kiraka na kukivuta. Kikabanduka chote pamoja na rangi yake, kama utando juu ya maziwa. Maji meusi yakamtiririka vidoleni. Kaka aliyaona, akashuka mwenyewe bila kuambiwa.

Baba hakufoka. Alimgeukia binti yake.

"Na vile vingine?" aliuliza.

"Vingine nilisema kweli, baba."

"Nitajuaje?"

Masikio angepigwa kofi lisingemuuma hivyo.

Boti ilirudishwa nyumbani. Njiani watu walicheka, na bibi alipofungua lango akauliza, "Mgeni amesahau nini?" Alipoziona nyuso zao akaacha utani. Baba akamkabidhi bisibisi.

"Mama, tugongee viraka vyote. Wewe unasikia hata watu wanaonong'ona nyumba ya tatu."

"Mimi sisikilizi, yanakuja yenyewe," bibi alijitetea, lakini akaichukua.

Boti ilipolazwa tena kifudifudi, Masikio aliambiwa asimame kando, asiguse wala asiseme. Bibi aligonga kimoja kimoja. "Huyu mzima," alisema. "Na huyu mzima." Kwenye kimoja cha ubavuni alisita, akagonga, akainamisha sikio, akagonga tena. Je, kama Masikio alikosea kweli bila kujua, nani angemwamini?

"Mzima," bibi alisema. "Ni mgongo wangu ulionishika."

Kazi ya kiraka cha nyuma akarudishiwa Masikio. Alisugua mpaka chini kabisa, akapafunika na turubai kila wingu lilipotokea, akapafunua kila jua liliporudi. Rafiki zake walikuja wakamwita. "Hapajakauka," aliwajibu, akaendelea kukaa. Pakakauka, akabandika, na bibi akagonga: mzima.

Safari hii ukingoni hapakuwa na watu wengi. Kabla ya kusukuma, baba alimwita Masikio pembeni, akainama ili watazamane.

"Kiraka kibovu hakikuniudhi," alisema. "Kila fundi huharibu, hata mimi. Lakini uliposema uongo kwa kimoja, viraka vyote ulivyovifanya vizuri vikaingia shaka, ukaniacha kiziwi wa boti nzima. Ukiharibu, niambie. Niambie hata kama nimeshapanda, hata kama watu watacheka. Kazi mbovu inarekebishika siku hiyohiyo, mradi mtu aseme. Siku ile uliposema, ulimrudisha kaka yako nchi kavu."

"Nimeelewa, baba."

"Haya, vaa jaketi la kuelea. Leo tunaishia kwenye maboya, na wewe unakwenda nasi."

Masikio alichagua mwenyewe pa kukaa: nyuma kabisa, miguu juu ya kiraka chake. Injini ikanguruma, sakafu ikatetemeka chini ya nyayo zake, na nchi kavu ikaanza kusogea mbali. Walipofika kwenye maboya, baba aligeuka na kumuuliza kwa macho tu. Masikio aliinama, akapapasa chini kwa kiganja, kisha akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, mara kadhaa.

"Pakavu," alisema, na baba akageuza kichwa mbele.