Rafu ya Shangazi Vilimaina

Litia Tokalau alimkuta shangazi yake sakafuni Jumamosi asubuhi, alipokuja na mikate ya kikao cha waandishi. Vilimaina Tokalau, aliyeandika riwaya za uhalifu zilizosomwa Fiji nzima, alikuwa amelala kifudifudi chini ya rafu yake ya vitabu na filamu. Nywele zake za mvi ziliganda damu upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kuelekea mlangoni.

Litia hakupiga kelele. Alimfunika miguu kwa kipande cha kitambaa, akapiga simu polisi, akakaa ngazini huku mvua ikimlowesha.

Sajenti Unaisi Matalau alifika kabla ya saa tatu. Nyumba ilikuwa ya mbao, juu ya nguzo, mlimani Tamavua, na mvua ya Suva ilikuwa haijakatika tangu Ijumaa mchana. Alisimama mlangoni akakitazama chumba kwa muda mrefu.

Dirisha la nyuma lilikuwa la vipande vyembamba vya kioo, vinavyolala kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Vitatu vilikuwa vimevunjwa. Droo zote za kabati zilikuwa wazi, ya chini imevutwa kuliko zote, ya juu kidogo tu, mfano wa ngazi. Alama za buti zenye tope zilianza dirishani, zikapita kwenye uchochoro kati ya meza na ukuta, zikafika kabatini, zikaishia kwenye rafu. Katikati ya chumba kulitandikwa mkeka mpana wenye pindo za sufi nyekundu na buluu. Ulikuwa safi. Pembe ya kabati la chuma ilikuwa na damu. Mkoba wa marehemu haukuwapo.

Buti zenyewe zilionekana chini ya ngazi, tope bado bichi.

"Ni za nani hizi?" Unaisi aliuliza.

"Za kaka yangu," Litia alisema. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alitamani kuyarudisha.

Kaka yake, Ponipate, ambaye wote walimwita Poni, alikuwa akitunza bustani ya shangazi na kulala chumba cha chini. Alitoka gerezani miaka miwili nyuma. Kosa lake lilikuwa kuvunja nyumba za watu. Saa sita mchana alikuwa tayari mahabusu, na bosi wa Unaisi alikuwa ameshasema: Jumatatu apelekwe mahakamani. Kwa rekodi yake, asingetoka tena akiwa na meno.

"Afande," Poni alimwambia Unaisi mezani pale kituoni, "lile dirisha umelitazama vizuri?"

"Nimelitazama."

"Vioo vile havivunjwi. Unakunja kibati kinachoshika kioo pembeni, unachomoa kimoja kimoja, unavipanga chini ukutani. Hata paka haamki. Kuvunja vitatu kunakupa tundu la kupitisha kuku."

"Unajitetea au unajisifu?"

"Vyote viwili. Na viatu? Nani anaingia kuiba na buti? Mimi maisha yangu yote nimeiba pekupeku."

"Hiyo usiiseme mahakamani."

Poni alitaka kucheka, akashindwa, akafunika uso. Unaisi alimwacha mpaka akatulia. "Watu wanasema shangazi yako alikuwa akikufundisha kuandika."

"Mimi? Herufi zinanikimbia. Alikuwa ananifanya niongee. Analeta filamu za wafungwa kutoka rafuni, tunatazama, halafu ananiuliza, 'Poni, hii kweli?' Namwambia, uongo huo, mfungwa gani analia vizuri namna ile? Anacheka mpaka anakohoa. Halafu ananiuliza mambo ya kweli. Nikamwambia habari za mzee mmoja kule ndani. Kila Jumapili alikuwa anatupikia kwa mdomo. Anaanza kukuna nazi, anachemsha sukari iwe kahawia, na sisi wote kimya kwenye vitanda, tunanusa. Siku alipokufa hakuna aliyekula."

"Ulimsimulia shangazi tu?"

"Tulikuwa tunakaa hapo barazani, bakuli la yaqona katikati, tunapokezana kunywa. Watu wake wa Jumamosi wakipita wanakaa. Mimi sikuwa nikihesabu masikio."

Ijumaa jioni, alisema, alikunywa yaqona, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, pamoja na wapagazi wa sokoni, akaondoka peke yake, akalala. Hakuna aliyemwona akirudi. Taa ya juu ilikuwa imezimwa, akadhani shangazi amelala.

Alasiri hiyo Unaisi alirudi Tamavua. Litia alikuwa akikunja nguo za marehemu.

"Nieleze hii rafu," sajenti alisema.

Litia alieleza polepole, kama mtu anayegusa kidonda. Rafu ilikuwa ya kuazima. Kila mwandishi aliyekuja alisoma sura yake, na alipomaliza, shangazi aliinuka akamchagulia kitu. Unaandika jeraha? Chukua kitabu cha madaktari wa jeshi. Mazungumzo yako yamelala? Tazama tamthilia hii, kipindi cha nne, zima sauti, soma midomo. Msuko wa kisa chako umekwama? Nenda kacheze mchezo huu wa mezani na wanao, urudi uniambie nani alidanganya.

"Na hakuruhusu mtu aandike tukio ambalo hajalitembea," Litia aliongeza. "Ukisema muuaji alitoka jikoni akafika chumbani, inuka, tembea, tukuone. Mzee mzima unatambaa sakafuni na kisu cha mbao."

"Na kitabu hiki?" Unaisi alikuwa ameshika kimoja kinene, jalada limechakaa. Kiliandikwa na mpelelezi mstaafu wa Uingereza, juu ya nyumba zinavyovunjwa.

"Hicho ni cha kwanza kwa kila mtu. Alikuwa anasema, kabla hujamuua mtu, jifunze kuingia nyumbani kwake."

Unaisi alikifungua katikati. Kulikuwa na picha ya chumba: kioo kimevunjwa, droo zimevutwa kuanzia ya chini kama ngazi, alama za viatu vyenye tope kutoka dirishani. Aliinua macho akakitazama chumba, akairudia picha. Dirisha la kwenye picha lilikuwa kioo kimoja kikubwa chenye komeo la ndani. Ukikivunja, unapitisha mkono unafungua. Dirisha la Vilimaina halikuwa na komeo la kufungua. Mtu aliyelivunja alifuata kitabu, hakufuata dirisha.

"Si mwizi huyu," alisema taratibu. "Ni mwanafunzi."

Litia alikaa chini. "Basi si Poni?"

"Poni naye amekaa na rafu hii miaka miwili. Bosi wangu atasema hivyo. Nani mwingine alikuwa akiingia humu apendavyo?"

"Wawili. Mwalimu Bisun na Apakuki. Wengine huja Jumamosi tu." Litia aliinama akashika pindo la mkeka. "Afande, naweza kuuchukua huu? Tunakusanya mikeka ya msiba. Mama yake Apakuki aliusuka kule kisiwani Kadavu mwaka aliokufa, akamletea shangazi kama shukrani kwa kumfundisha mwanawe. Ungefaa kumlaza."

"Uache kwanza," Unaisi alisema.

Mwalimu Bisun Dutt aliitwa, akaja na mwavuli uliovunjika ubavu. Aliingia na viatu vyake, akakatiza juu ya mkeka moja kwa moja hadi kiti chake cha siku zote. Litia alikunja uso.

"Usinitazame hivyo, binti. Marehemu aliniruhusu. Miguu yangu ina sukari."

"Mwalimu," Unaisi alisema, "nimeambiwa wiki mbili nyuma ulimwambia marehemu atajuta."

"Nilimwambia, ndiyo! Nimetengeneza mchezo wa mezani, mauaji kwenye meli ya mizigo, na ramani nimechora mwenyewe. Nikamwomba auweke rafuni. Akasema mbele ya watu kwamba muuaji anajulikana kwenye zamu ya pili."

"Anajulikana?"

Mwalimu alikohoa. "Zamu ya tatu. Lakini nilimaanisha atajuta mchezo ukianza kuuzwa. Sasa nimwoneshe nani?" Alitoa leso, akawa mtu mzee ghafla. "Ijumaa nilikuwa nyumbani, nacheza peke yangu. Shahidi sina. Andika hivyo."

"Jumamosi iliyopita ulikuwapo hapa?"

"Nilikuwapo. Siku ya Apakuki ile. Alisoma sura ya kwanza ya riwaya yake, ile ambayo watu wa Sydney wanataka kuichapisha. Kusema kweli, sikujua kijana yule ana kitu kama kile ndani. Mfungwa mzee, kila Jumapili anawapikia wenzake kwa maneno matupu. Mimi ni mgonjwa wa sukari, na nilinusa ile nazi."

Kalamu ya Unaisi ilisimama. "Na Vilimaina akampa nini kutoka rafuni?"

Bisun alifikiri. "Hakumpa kitu. Alisema tu, 'Sawa, anayefuata.' Nilishangaa. Hata mimi, ingawa alinidhalilisha, alinipa filamu mbili."

Litia alimtazama sajenti. Unaisi alifunga daftari lake.

Jioni ile daktari alimpigia Unaisi simu. Marehemu aligonga kichwa kwenye pembe ya chuma, alisema, lakini hakufa pale pale. Aliishi, pengine hadi usiku wa manane. Alijaribu kujivuta.

Jumapili, baada ya ibada, Unaisi aliwakusanya watatu katika chumba kile: Litia, Mwalimu Bisun, na Apakuki Delana. Apakuki alikuwa kijana wa miaka thelathini, mpole wa sauti, macho yamevimba. Alivua viatu mlangoni akavipanga vizuri. Alisema Ijumaa alikuwa mazoezi ya kwaya.

"Kiongozi wa kwaya anasema uliondoka kabla ya wimbo wa mwisho," Unaisi alisema.

"Kichwa kiliniuma, afande. Nilikwenda nyumbani."

"Sawa. Leo nataka tufanye kama alivyotaka yeye. Tutembee tukio." Aliweka jozi mbili za buti kubwa chini ya dirisha, safi, za kuazima. "Mwizi ameingia hapa, anaifuata rafu, tena ana haraka. Mwalimu, anza."

Bisun alinung'unika, akatumbukiza miguu, akaenda. Hatua zake zilikata katikati ya chumba, juu ya mkeka, hadi rafuni. "Nimeua," alisema kwa uchungu. "Nikae?"

"Kaa. Apakuki."

Apakuki alivaa buti. Alitazama mbele, akageukia ule uchochoro kati ya meza na ukuta.

"Hapana," Unaisi alisema. "Moja kwa moja. Una haraka."

Alirudi. Akapiga hatua mbili. Buti lilifika kwenye pindo la sufi likasimama hewani, likarudi chini pale lilipotoka.

"Pita, Apakuki. Ni mkeka tu."

"Nivue kwanza."

"Mwizi havui."

"Hakuna mtu humu anayekanyaga mkeka na viatu, afande. Hata wewe huwezi."

"Mwalimu kaukanyaga sasa hivi. Na Poni angekuja pekupeku, anayajua haya kuliko sisi. Aliyepita hapa Ijumaa alivunja dirisha, akamwaga droo, akamwacha mwanamke sakafuni kwenye damu. Lakini kwa mkeka akajibana ukutani, mahali mtu anapita kwa ubavu. Nani kaufanyia heshima hiyo?"

Apakuki aliinama akautazama mkeka wa mama yake.

"Yule mzee anayepika kwa mdomo," Unaisi aliendelea, "Poni alinisimulia mimi jana, akiwa na pingu. Wewe ulimpata wapi?"

Kijana alikaa chini palepale, nje ya mkeka, akaanza kufungua kamba za buti.

"Barazani," alisema. "Poni alikuwa anasimulia tu, kama mtu anayemwaga maji. Asingeandika kamwe! Hawezi! Mimi nimesoma kila kitabu alichonipa, nimetazama kila filamu, nimecheza kila mchezo, miaka sita, na sikuwa na kitu cha kusema. Halafu yule anafungua mdomo tu…"

"Ijumaa uliitwa?"

"Aliniita. Akaniambia, kesho utasema mbele ya wote hii ni hadithi ya nani, au nitasema mimi. Nilimwomba. Watu wa Sydney wangeondoka. Akaondoka kuelekea mlangoni kumwita Poni, nikamshika, akajinasua, nikamsukuma. Kumsukuma tu, afande."

"Na baadaye?"

"Nikamshika mkono hapa, kama kitabu cha madaktari kinavyosema. Sikusikia mapigo. Nikajua amekufa. Nikachukua kile kitabu kingine…" Alionesha rafu. "Nikapanga. Mkoba niliutupa mtoni. Buti za Poni nilizijua zilipo."

"Hakuwa amekufa," Unaisi alisema.

Mwalimu Bisun alisimama nusu, akakaa tena.

"Daktari anasema aliishi hadi usiku. Ulipokuwa ukivuta droo alikuwa hai. Hospitali iko chini ya mlima, Apakuki."

Sauti iliyomtoka kijana haikuwa kilio. Litia aliziba masikio. Baadaye askari walipomwinua, aliwageukia Litia na Mwalimu akasema, taratibu na kwa sauti ya kusikika, kwamba hadithi ile ni ya Ponipate Tokalau.

Poni aliachiwa Jumatatu asubuhi. Litia alimsubiri nje ya kituo akiwa na shati safi na roti, chapati nyembamba, iliyofungwa kwenye karatasi. Walitembea hadi ukuta wa bahari wakakaa. Poni alikula nusu, akairudisha nyingine karatasini.

"Wamesema ni wewe uliyewaambia buti ni zangu," alisema.

"Waliuliza za nani. Nikasema."

"Si hilo ninalouliza, Litia."

Litia alijua anachouliza hasa. Angeweza kudanganya, na siku ile Poni angeuchukua uongo kwa mikono miwili.

"Niliamini ni wewe," alisema. "Jumamosi nzima. Mpaka alasiri."

Poni alitazama maji ya bandari. Meli ya abiria ya Kadavu ilikuwa ikipakia magunia.

"Shangazi hakuniuliza hata mara moja kwa nini nilifungwa," alisema hatimaye. "Aliniuliza kulikuwaje humo ndani. Wewe miaka miwili hujaniuliza lolote."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa."

Mvua ilianza tena, ndogo. Hakuna aliyeinuka. Litia alisogea akawa bega kwa bega naye, akavuta pumzi, na akamuuliza.