Saa Iliyochelewa Kuanza

Kila Jumamosi asubuhi, akishafagia ua, Wawira alimpima mwendo nyanya yake, Cucu Ruguru. Kazi hiyo alipewa na Bwana Gachoki, daktari wa viungo aliyemhudumia Cucu tangu ateleze katika shamba lao la chai huko Kibugu na kuvunjika nyonga. Cucu aliketi kwenye kiti kilekile, amevaa viatu vilevile. Wawira aliposema "haya!" alianzisha saa ya simu. Cucu aliinuka, akatembea hadi kwenye mstari uliochorwa uani, akarudi na kuketi. Kisha Wawira alisimamisha saa na kumtumia daktari matokeo.

Lakini Wawira alikuwa amechoka. Mpaka Cucu aweze kutembea bila mkongojo, ni yeye aliyepaswa kumsindikiza kila mahali, huku wenzake wakienda kwaya. Jumamosi moja alisema "haya!", akangoja Cucu asimame wima, ndipo akabonyeza saa.

"Cucu, leo umekuwa mwepesi!"

"Ni kweli? Mungu ni mwema!" Cucu alicheka kwa furaha. Wawira hakuthubutu kumtazama usoni.

Daktari naye alifurahi, akaruhusu mkongojo uwekwe kando. Jumatatu iliyofuata Cucu alianguka mlangoni pa jikoni, goti likavimba.

"Makosa ni yangu," alisema. "Miguu hii imenidanganya."

Maneno hayo yalimchoma Wawira. Jioni Bwana Gachoki alipokuja kumwona mgonjwa, Wawira aliangua kilio.

"Daktari, si miguu. Ni mimi! Nilichelewesha saa ili nipate kwenda kwaya."

Bwana Gachoki hakumfokea, na hilo lilimuumiza zaidi. Alilikagua goti, akamrudishia Cucu mkongojo wake.

"Wawira, mimi sikai hapa," alisema. "Ndiyo maana nilitaka kiti kilekile na saa ianze palepale. Kipimo ndicho kinachoniambia Cucu anaweza nini. Ukikipamba, ninamtibu mtu mwingine, si Cucu. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Wawira alipiga magoti. "Nisamehe, Cucu."

Cucu alimshika bega, macho yamelowa.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini ungeniambia umechoka, ningenung'unika kidogo, yakaisha. Huu uongo wako ungenivunja nyonga ya pili."