Jumamosi Uwanjani Kibagabaga

"Golikipa amelala! Mwamsheni!" Gaju alipiga kelele, gauni lake la kitenge cha manjano likipepea kandokando ya uwanja wa Kibagabaga, jijini Kigali.

Wazazi waliosongamana pale wakacheka. Mwanamume mrefu aliyekuwa karibu naye, mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, hakucheka.

"Dada, golikipa huyo ana miaka saba. Anaitwa Pretty, na mimi ndiye niliyemleta."

Gaju akaziba mdomo. "Mungu wangu! Ni mwanao?"

"Wa marafiki zangu. Mama yake ni Winifred, huyu hapa. Baba yake, Norman, anafanya kazi mbali, kule Rubavu. Mimi ni mjomba wa kupiga makofi tu."

"Basi nisamehe, mjomba. Mimi ni shangazi wa yule anayekimbia na kamba za viatu zimefunguka."

Wakacheka pamoja. Mwanamume huyo aliitwa Vitalis, mzaliwa wa Mwanza, mwajiriwa wa kampuni ya malori. Gaju alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bukoba, na sasa alikuwa na duka la vitambaa Kagugu. Walizungumza mpaka filimbi ya mwisho, na hakuna aliyejua mechi iliishaje.

Tangu siku hiyo Gaju hakukubali mtu mwingine ampeleke mpwa wake Shimwa mpirani.

"Mpira gani huo wa watoto unaoendewa na manukato?" kaka yake Ntare, baba wa Shimwa, alimtania.

"Niache, sha!"

Jioni Vitalis hakukosa kumpigia simu.

"Mrembo wangu, umekula?"

"Bado. Nilikuwa nasubiri uniulize."

Jumamosi moja Vitalis hakutokea, wala Winifred na Pretty. Gaju alishangilia peke yake, macho yakiwa barabarani. Mechi ilipokwisha akampigia Vitalis simu. Ikapokelewa na Pretty.

"Anko Vita amelala chumbani kwa mama," mtoto alisema. "Mama anamlisha uji."

Gaju hakuwahi kumwona huyo Norman wa Rubavu hata siku moja. Je, yupo kweli? Akakata simu. Vitalis alipopiga baadaye, hakupokea. Alipopiga tena, akamfungia namba. Dukani alikata vitambaa kombo, akawajibu wateja kwa mkato, na Jumamosi zilizofuata Ntare ndiye aliyempeleka mtoto.

Shimwa ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Shangazi, baba hajui kushangilia. Anaangalia simu tu. Twende na wewe!"

Gaju akaenda, amevaa miwani myeusi. Kabla hajapata pa kusimama, Winifred alimdaka mkono. Pembeni yake alikuwepo mwanamume mnene, mkoba wa kitoto umemning'inia begani.

"Kumbe wewe ndiye Gaju!" mwanamume yule alisema. "Mimi ni Norman. Mgonjwa wetu alikutaja hata homa ilipompanda. Anaishi peke yake, na malaria ilimwangusha vibaya, nikamwambia mke wangu ampe chumba chetu, yeye alale na Pretty. Sasa mbona ulimtupa?"

Gaju alivua miwani. Machozi yalikuwa yameshamtoka. Upande wa pili Vitalis alikuwa ameketi kwenye benchi, mashavu yamebonyea, sweta limempwaya kama limeazimwa. Akamwendea mbio, akazunguka goli, refa akimfokea atoke uwanjani.

"Nilidhani una mke," alisema akihema.

"Mke?" Vitalis akainuka polepole. "Mpenzi, na mimi nilidhani umenichoka. Ofisi inataka kunihamishia Dar es Salaam. Nilitaka kukubali, kwa kuwa Kigali bila wewe siiwezi."

"Usikubali."

"Nipe sababu."

"Sababu ni mimi. Haitoshi?"

"Inatosha. Ila nataka iwe mke wangu." Alimshika mikono. "Gaju, utanioa? Yaani, utaolewa na mimi?"

Gaju akacheka huku akilia. "Yego, Vita. Ndiyo!" Akajitupa kifuani kwake, nusura amwangushe. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele, nao wakadhani ni vyao.

Shimwa alifika mbio, jasho likimtiririka, mikono juu. "Shangazi! Umeliona bao langu?"

Gaju alimtazama, kisha akamtazama Vitalis. "Sikuliona, mwanangu. Nilikuwa nachumbiwa."

Mtoto alifikiri kidogo, akimkagua mchumba kuanzia viatu hadi kichwani.

"Sawa," alisema. "Kaeni hapohapo. Naenda kufunga lingine."